Starlet Inayokunywa Mafuta: Tafuta Kilichopungua Kabla ya Kuongeza Kitu

Gari dogo la injini ya lita 1.3, iwe Starlet, Vitz au IST, likiwa zima hutembea kilomita 14 hadi 17 kwa lita moja kwenye lami ya Mtwara kwenda Lindi. Yapo mengine ya aina hiyohiyo, ya miaka ileile, ambayo hata kilomita 9 yanazifikia kwa shida. Mwenye gari husema limezeeka. Uzee una mchango wake, maana ringi zikilika kompresheni inashuka na kila tone la petroli linafanya kazi pungufu. Ila hasara kubwa mara nyingi hutoka kwingine: vitu vilivyokufa, vilivyochomolewa, au vilivyotolewa na fundi kwa nia njema miaka kadhaa nyuma. Gari likauzwa, likauzwa tena, na anayelimiliki leo hajui kwamba vitu hivyo viliwahi kuwepo.

Ndiyo maana swali la "niongeze nini ili lile kidogo?" huwa halipati jibu zuri. Gari hili liliundwa lile kidogo tangu kiwandani. Cha kutafuta ni kilichopungua.

Kipimo kabla ya spana

Wengi wetu tunapima ulaji wa mafuta kwa kauli: "Nimeweka ya elfu kumi, hata Mingoyo sijafika taa imewaka." Kauli hiyo haipimi kitu. Bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Mtwara ina bei yake kwa kuwa mafuta hushushwa kwenye bandari yetu pia. Elfu kumi ya mwezi huu siyo lita zilezile za mwezi uliopita. Mshale wa tangi nao hauaminiki, kwani katika magari mengi nusu ya juu huenda polepole na nusu ya chini huporomoka.

Kipimo cha kweli ni rahisi. Jaza mpaka bomba la sheli likatike lenyewe, na usikubali lile "niongezee kidogo, bosi". Rudisha trip mita kwenye sifuri. Tembea angalau kilomita 200, kisha rudi sheli ileile, pampu ileile, gari likiwa limesimama upande uleule, ujaze tena mpaka likatike. Kilomita ulizotembea gawanya kwa lita zilizoingia. Ukipata 240 kwa 20, gari lako linakwenda kilomita 12 kwa lita, na hapo una namba ya kuanzia.

Njia uliyopita ina maana kubwa. Mtwara ipo usawa wa bahari, Newala ipo juu ya tambarare ya Makonde, zaidi ya mita 600. Kulipandisha gari la kilo 1,200 pamoja na abiria mita 600 kunahitaji nishati ya karibu megajuli 7. Lita ya petroli ina megajuli 32 hivi, lakini injini ndogo hugeuza kama robo tu ya hizo kuwa mwendo. Nyingine zote hupotea kama joto. Kwa hiyo kilima peke yake kinamaliza karibu lita moja, hata gari likiwa limetoka kiwandani jana. Anayepima kwenda Newala bila kurudi analisingizia gari, na anayepima kurudi tu analisifia bure. Njia ya Lindi, ambayo kwa sehemu kubwa haina vilima vikali, kwenda na kurudi, inatosha.

Kuna mtego mwingine kwenye hesabu yenyewe. Gari la kwanza limetoka kilomita 8 kwa lita likafika 10, la pili limetoka 16 likafika 18. Kwa mdomo yote "yameongeza mbili". Kwa mwendo wa kilomita 1,000, la kwanza limeshuka kutoka lita 125 hadi 100, limeokoa lita 25. La pili limetoka lita 62.5 hadi 55.6, limeokoa lita 7 tu. Maana yake gari bovu kabisa ndilo linalolipa fedha za fundi haraka, na gari lililokwisha kufika 15 au 16 halistahili kuendelea kufunguliwafunguliwa.

Injini inayodhani bado ni asubuhi

Hapa ndipo penye uzito wa mambo yote, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Petroli huungua vizuri ikichanganywa na hewa kwa uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Injini ikiwa baridi uwiano huo hauwezekani, kwa sababu sehemu ya petroli haigeuki mvuke. Inagandamana kwenye kuta za manifoldi na silinda. Dawa ni kumwaga petroli zaidi ili kinachogeuka mvuke kitoshe. Kwenye magari ya kabureta kazi hiyo ilikuwa ya choki. Kwenye magari ya nozeli inafanywa na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, na boksi hilo halina macho. Linaamini linachoambiwa na sensa ya joto la maji. Likiambiwa maji yana nyuzi 50, linaendelea kuongeza petroli, linanyanyua sailensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga pedeli), na katika magari mengi halitilii maanani sana sensa ya oksijeni ambayo ndiyo ingelirudisha kwenye 14.7.

Sasa fikiria injini ambayo haifiki joto lake hata ikitembea saa nzima. Ndivyo inavyokuwa thamostati ikitolewa. Thamostati ni mlango mdogo kwenye njia ya maji, wenye nta ndani yake. Nta ikipata joto inavimba na kuufungua. Nyingi za Toyota za miaka hiyo huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Kabla ya hapo maji yanazunguka ndani ya injini tu, ipate joto haraka. Ukiitoa, maji yanapita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza.

Dalili yake barabarani iko wazi kwa anayejua kuiangalia. Ukiwa mjini, kwenye foleni ya soko au umesubiri abiria, mshale wa joto unapanda hadi karibu na katikati. Ukitoka Mikindani ukashika mwendo wa kilomita 80, upepo unapiga rejeta na mshale unaanza kushuka. Ukifika Mingoyo upo karibu na baridi. Dereva anafurahi: gari langu halichemshi! Wakati huohuo nozeli zinamwaga petroli ya asubuhi saa saba mchana.

Hasara haiishii kwenye petroli ya ziada. Oili isiyopata joto inabaki nzito na kuzuia injini. Unyevu unaotokana na mwako hauvukizwi, ndiyo yale maziwamaziwa unayoyaona chini ya kifuniko cha oili. Petroli isiyoungua inaosha kuta za silinda na kuzifanya zilike. Na kwa gari la gia otomatiki zinazoongozwa kwa umeme, kuna pigo ambalo watu wengi hawalijui: boksi la gia nalo husoma joto la maji, na likiona injini ni baridi linakataa kuingiza gia ya juu au kufunga klachi ya ndani ya tokonveta. Gari linakwenda Lindi likilia kwa mizunguko ya juu bila sababu.

Kwa nini ilitolewa? Kwa sababu siku moja gari lilichemsha, thamostati ikakutwa imeganda ikiwa imefungwa, na fundi akasema maneno ambayo kila mwenye gari wa pwani ameshayasikia: "Bosi, huku kwetu joto, hiki kidude ni cha nchi za baridi." Kwa siku hiyo alikuwa sahihi, gari lilifika nyumbani. Ila hoja yenyewe haisimami. Thamostati haiongezi joto la injini iliyokwisha pata moto. Ikifunguka imefunguka, na kuanzia hapo kinachoamua kama gari litachemsha ni rejeta, pampu ya maji, kifuniko cha rejeta na feni. Zipo hata injini zenye njia ya pembeni ya maji, ambayo thamostati ikifunguka huiziba. Ukiitoa kwenye injini ya namna hiyo, sehemu ya maji inakwepa rejeta moja kwa moja, na gari linaweza kuchemsha zaidi siku ya mzigo.

Kwa hiyo kurudisha thamostati bila kushughulikia kilichosababisha kuchemsha ni kujitafutia gasketi ya silinda hedi. Huku pwani sababu ya kawaida ni maji. Rejeta iliyojazwa maji ya kisima yenye chumvi kwa miaka inajenga ukoko ndani, na nje mapezi yake yanaliwa na hewa ya bahari mpaka yanakuwa unga ukiyagusa. Ioshwe, au ibadilishwe kama imekwisha, kisha iwekwe kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi. Kifuniko cha rejeta ambacho spring yake imelegea kinaruhusu maji yachemke mapema, nacho ni bei ndogo.

Angalia pia feni. Kuna mtindo wa kuifunga dairekti, yaani ukiwasha gari nayo inawaka mpaka unapozima. Kwenye Toyota nyingi za zamani swichi ya feni ikichomolewa feni inazunguka yenyewe, kwa hiyo aliyetaka njia ya mkato aliipata kwa kuchomoa soketi tu. Feni hiyo inapoza injini isiyotaka kupozwa, na umeme wake unatoka kwenye altaneta inayozungushwa na injini hiyohiyo.

Kujua kama thamostati ipo huhitaji mashine. Asubuhi, gari likiwa baridi kabisa, liwashe na ushike ile hozipaipu ya juu inayotoka kwenye injini kwenda rejeta, mkono ukiwa mbali na mkanda na feni. Ikiwa mlango upo, mpira unabaki wa baridi kwa dakika kadhaa huku mshale ukipanda, halafu unapata moto ghafla. Ukiusikia unapata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, hamna kitu mle ndani. Thamostati mpya au ya mtumba nayo ijaribiwe kabla ya kufungwa: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, washa moto. Inapaswa kufunguka muda kidogo kabla maji hayajaanza kuchemka, na ikipoa ijifunge kabisa. Isiyojifunga ni sawa na kutokuwa nayo.

Sensa inayosema uongo

Thamostati ikiwa nzima na gari bado linakula, mtuhumiwa anayefuata ni sensa ya joto yenyewe. Angalizo: magari mengi yana mbili. Moja inapeleka habari kwenye mshale wa dashibodi, nyingine kwenye kontroli boksi. Mshale unaweza kukaa katikati pazuri huku ile ya pili ikiliambia boksi kwamba tupo kwenye barafu. Ya pili ndiyo ya kupima. Kwenye Toyota, mita ya omu ikiwekwa kwenye pini zake mbili huonyesha kama omu 2,000 hadi 3,000 maji yakiwa nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 yakiwa nyuzi 80. Ukikuta injini ina moto na mita inasoma elfu na kitu, umempata mwizi.

Starlet za EP82 na ndugu zake hazina haja ya mashine ya dayagnosisi. Chini ya boneti kuna kiboksi cha plastiki chenye maandishi ya pini ndani ya kifuniko. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, na taa ya injini inaanza kukonyeza. Konyeza mbili, kimya kidogo, konyeza moja: 21, sensa ya oksijeni. 22 ni joto la maji. 31 ni sensa ya presha ya manifoldi. 41 ni ya throto. Ikikonyeza mfululizo bila kupumzika, boksi halina malalamiko. Vitz, IST na za baada yake zina soketi ya pini 16 chini ya stelingi, na kule kinachotafutwa zaidi ni P0128, injini haifiki joto, au P0115, sensa ya maji. Lakini boksi linalalamika pale tu habari inapokuwa haiwezekani. Sensa inayosema nyuzi 50 wakati ni 85 inadanganya kwa adabu, na hakuna namba ya kosa itakayotokea. Hapo ndipo fundi wa mita anapomshinda fundi wa mashine.

Sensa ya oksijeni imeskrubiwa kwenye ekzosi. Inanusa moshi na kuliambia boksi kama petroli imezidi au imepungua, kwa volti zinazopanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 mara kwa mara. Ikizeeka inakuwa mvivu, na ikifa boksi linarudi kwenye makadirio yake ya tahadhari, ambayo siku zote yanaegemea kuzidisha petroli. Wizara ya Nishati ya Marekani hutaja sensa hii kama mfano wa ubovu ambao kuurekebisha kunaweza kuboresha ulaji wa mafuta kwa hadi asilimia 40. Hicho ni kilele, siyo wastani, lakini kinaonyesha ukubwa wa jambo. Sensa za mtumba za kuunganishwa waya sizishauri. Hicho ni kitu cha kuchakaa kama shoo za breki, na ya mtumba imeshachakaa kwa mwingine.

Starlet ina jambo lake jingine. Injini yake ya 4E-FE haipimi hewa inayoingia. Inakisia kwa kupima presha ndani ya manifoldi kupitia kipaipu chembamba cha mpira. Mpira huo umekaa kwenye joto kwa zaidi ya miaka 25. Ukichanika, sensa inasoma presha kubwa kuliko iliyopo, boksi linadhani dereva amekanyaga sana, na petroli inamiminwa. Mita moja ya paipu mpya ni bei ya soda kadhaa. Badilisha vipaipu vyote vya vakyumu kwa mpigo, usisubiri kimoja kimoja.

Plagi zitoe uzisome. Rangi ya kahawia iliyopauka ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli iliyozidi, na kuzibadilisha kabla ya kuondoa sababu ni kuzichafua mpya. Nyeusi zenye utelezi ni oili inayopanda, hapo kweli tunazungumzia uzee. Kwenye magari ya distributa usisahau kifuniko na rota yake, ambavyo unyevu wa bahari huvila taratibu. Fungua boneti usiku gizani injini ikiwa inaunguruma: ukiona cheche za buluu zinarukaruka kwenye waya za plagi, hizo cheche zilitakiwa ziwe ndani ya silinda.

Kuhusu fiita (chujio) ya hewa, ambayo ndiyo kila mtu huanza nayo: Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilifanya majaribio mwaka 2009 ikakuta kwamba fiita iliyoziba, kwenye gari la nozeli na kompyuta, haibadilishi sana ulaji wa mafuta. Inapunguza nguvu ya kuvuta tu, kwa sababu boksi linapunguza petroli kulingana na hewa. Kwa kabureta hali ni tofauti, linazidisha kweli. Kwa vumbi jekundu la Tandahimba na Newala bado ningeibadilisha mara kwa mara, ila sababu yangu ni kuilinda injini isilike.

Gari lisukumike

Hili halina siri. Kwenye sakafu iliyonyooka, gia ikiwa nyutro, mtu mzima mmoja aweze kulisukuma Starlet bila kuguna. Likigoma, breki zinashika. Chumvi ya pwani inaotesha kutu kwenye pini za kalipa, pedi hazirudi nyuma, na unatembea huku umefunga breki kidogo. Baada ya safari ya barabarani usiyoifunga breki kwa ghafla, sogeza kiganja karibu na rimu moja moja bila kuigusa. Moja ikiwa inatoa joto kali kuliko wenzake, hiyo ndiyo. Pini zisafishwe na kupakwa grisi ya breki inayostahimili joto, siyo grisi ya bering'i.

Upepo wa tairi ufuate kibandiko kilichopo ubavuni mwa mlango wa dereva. Kila psi moja pungufu kwenye tairi zote inagharimu kama asilimia 0.2 ya mafuta, kwa hiyo psi kumi pungufu, ambazo si ajabu kuzikuta, ni asilimia 2. Oili ya kiwango kilichopendekezwa, badala ya nzito ya namba 40, inaleta asilimia 1 hadi 2. Gari linalomaliza oili kati ya sevisi mbili lina haki ya oili nzito kidogo, mengine hayana.

Na kabla hujaingia gereji, tazama dashibodi. Kama taa ya O/D OFF inawaka, kitufe kwenye gia kimebonyezwa na gari lako halijaingia gia ya juu tangu sijui lini. Kibonyeze tena. Bure.

Vilivyoongezwa na vilivyouzwa

Mtindo wa kunyanyua gari kwa spesa una sababu zake kwa anayeingia vijijini msimu wa korosho, lakini gari lililonyanyuliwa linapitisha hewa nyingi zaidi chini ya tumbo, na upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo. Kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa upinzani huo unaongezeka kwa asilimia 56. Keria ya juu iliyofungwa mwaka mzima kwa ajili ya magunia ya mwezi mmoja ina kosa hilohilo. Ifungue.

Tairi kubwa zinachanganya hadi kipimo chenyewe. Ukitoka 165/70R14 ukaweka 185/65R15, kipenyo kinatoka karibu milimita 587 hadi karibu 621, ongezeko la kama asilimia 6. Ukitembea kilomita 106 dashibodi inaandika 100. Sehemu ya ulaji unaoulalamikia itakuwa ni kilomita zisizohesabiwa, na sehemu nyingine ni kweli, maana rimu nzito zinahitaji nguvu zaidi kuzungushwa kila unapoondoka.

Masega ya ekzosi, yaani kile kisafisha moshi, yanauzwa kwa sababu yana platinamu, paladiamu na rodiamu. Muuzaji huambiwa gari "litapumua" na mafuta yatapungua. Masega yaliyoziba hukaba injini kweli, na yaliyoziba yabadilishwe. Mazima hayakabi kitu cha kujali. Kinachobaki baada ya kuyauza ni moshi wenye sumu na, kwenye magari yenye sensa ya pili, taa isiyozimika.

Sumaku za kufunga kwenye paipu ya petroli, vidonge vya tangini, mitungi ya kutengeneza haidrojeni kwa umeme wa betri: shirika la mazingira la Marekani, EPA, limeshapima zaidi ya vifaa 100 vya kundi hili, na vilivyoonyesha nafuu yoyote ni vichache mno. Ule wa haidrojeni una kasoro ambayo haihitaji maabara. Umeme unatoka kwenye altaneta, altaneta inazungushwa na petroli, na kila hatua inapoteza sehemu ya nishati. Huwezi kutoa mwishoni zaidi ya ulichoweka mwanzoni.

Petroli ya chupa kando ya barabara ni jambo la dharura tu. Vinasaba huwekwa kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi ili kuwanasa wachakachuaji, lakini ukaguzi wa vinasaba hufanyika sheli, haufiki kwenye chupa ya maji. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaifanya injini igonge, inaziba nozeli na kuua ile sensa ya oksijeni uliyoinunua kwa jasho.

Kuteremka Newala

Kuna imani kwamba kuteremka kwa nyutro kunaokoa mafuta. Wakati wa kabureta kulikuwa na ukweli kidogo. Kwenye gari la nozeli, ukiachia pedeli ukiwa ndani ya gia na injini inazunguka juu ya sailensa, boksi linafunga nozeli kabisa: petroli inayoingia ni sifuri, kwa kuwa matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, injini inapaswa kujizungusha yenyewe, kwa hiyo boksi linarudisha petroli. Anayeshuka kutoka Newala kwa nyutro anachoma zaidi ya anayeshuka ndani ya gia, na juu ya hilo ameziachia breki peke yake kazi ya kulishika gari kwenye mteremko mrefu wenye kona. Breki zikipata moto sana hazishiki.

Na gesi je?

Swali hili Kusini halikwepeki. Gesi ya Songo Songo wilayani Kilwa iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, na bomba kubwa la kuipeleka Dar es Salaam likazinduliwa 2015 likianzia hapa kwetu Mtwara. Wengi wa wanaoendesha magari ya gesi wapo Dar, kwa sababu vituo vingi vya kujazia viko huko. Kufunga mfumo wa gesi kunabadilisha bei ya unachochoma. Hakupunguzi kiasi cha nishati kinachopotea kwa breki zinazoshika au injini isiyopata joto. Tena mtungi wa chuma unaongeza makumi ya kilo na kumeza nafasi ya buti, jambo linaloonekana kwenye gari dogo. Gesi pia ni ngumu kuwaka kuliko petroli, inahitaji cheche yenye nguvu zaidi, na kipunguza presha chake hupashwa moto na maji ya injini kisigande. Gari lenye waya za plagi zinazovuja na lisilo na thamostati, ukilifungia gesi, litakuwa na misi, yaani kukatakata, barabarani na kuzimika asubuhi, na fundi wa gesi atakurudisha kwa fundi wa kawaida akafunge vitu hivihivi kwanza.